Vifaa vya Safari, Si vya Ukaguzi

Mada iliyowasilishwa kwa madereva, utingo na wamiliki wa malori ya masafa marefu



Tumekuja kuzungumza juu ya vitu ambavyo lori halipaswi kuondoka kituoni bila kuwa navyo. Wengi wenu mnaijua orodha hiyo kwa moyo, na pengine mmeshaisikia mara nyingi kutoka kwa askari wa usalama barabarani. Kwa hiyo hatukuja kuisoma tena. Tumekuja kusema jambo moja ambalo katika kazi yetu ya kila siku limetuhangaisha: vifaa vingi tunavyovikuta ndani ya malori vilinunuliwa kwa ajili ya ukaguzi, havikununuliwa kwa ajili ya safari. Mtungi wa kuzimia moto upo, lakini mshale wa kipimo chake umelala kwenye rangi nyekundu. Pembetatu za tahadhari zipo, lakini zimo ndani ya boksi lake, chini ya godoro, na mguu mmoja umevunjika. Kisanduku cha huduma ya kwanza kipo, na ndani yake mna chaja ya simu na sabuni ya kufulia. Kifaa cha namna hiyo humridhisha mkaguzi kwa dakika mbili. Usiku lori litakapokwama, hakitamsaidia mtu.

Wahenga walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Tunaomba kila kifaa mnachokibeba mkipime kwa methali hiyo.

Barabara haina duka kila mahali

Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900. Kutoka Dar es Salaam hadi Rusumo, mpakani mwa Rwanda, ni zaidi ya kilomita 1,200. Katika njia hizo dereva hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, mahali ambapo kushuka garini usiku ni hatari ya aina yake. Hupanda na kushuka Kitonga, penye kona zinazofuatana na korongo upande mmoja. Anayekwenda Nzega na Kahama hukutana na mteremko wa Sekenke. Hakuna hata mmoja wenu atakayechagua mahali pa kuharibikiwa. Gari huchagua lenyewe, na mara nyingi huchagua pale ambapo fundi yuko mbali na mtandao wa simu haushiki.

Ndiyo maana tunasema kwamba vifaa vya lori ni sehemu ya lori, kama zilivyo breki na usukani. Lori lisilo navyo halijakamilika, hata kama injini yake ni mpya.

Vifaa vya kuonekana

Tuanze na hatari iliyo kubwa kuliko zote kwa lori lililokwama, nayo ni kutoonekana. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 hivi katika sekunde moja. Dereva akichelewa sekunde mbili tu kutambua kwamba mbele yake pana trela lililosimama, ameshakwenda mita 44 kabla mguu wake haujagusa breki. Ikiwa ni basi lenye abiria, wanaolipa gharama ya kuchelewa huko ni wengi.

Sote tunaijua desturi ya kukata matawi ya miti na kuyatandaza barabarani. Desturi hiyo ilizaliwa na nia njema ya kumwonya mwenzako. Lakini tawi haliakisi mwanga. Usiku wa giza na mvua, dereva analiona akiwa ameshalifikia. Ubaya mwingine ni mawe makubwa yanayowekwa nyuma ya matairi: gari likishatengemaa, lori huondoka na mawe hubaki barabarani yakimsubiri mwendesha bodaboda. Tunawasihi: jiwe lililozuia gari lako lisimletee mwenzako kilema.

Kila lori lenye trela libebe pembetatu zisizopungua mbili, nasi tunashauri ziwe tatu. Moja iwekwe kiasi cha mita 50 nyuma ya gari, nyingine mbali zaidi, hadi mita 100 katika barabara kuu yenye mwendo kasi, na ya tatu mbele. Ikiwa lori limekwama baada ya kona au mara tu baada ya kilele cha mlima, pembetatu ipelekwe upande wa pili wa kona au kilele hicho, mahali ambapo anayekuja ataiona akiwa bado na nafasi ya kupunguza mwendo. Unapokwenda kuiweka, tembea pembeni kabisa mwa barabara ukiwa umeishika mbele yako, uso wake unaong'aa ukiwaelekea wanaokuja.

Pamoja nazo wawepo na vizibao vinavyoakisi mwanga, kimoja cha dereva na kimoja cha utingo. Mahali pake ni ndani ya kabini, karibu na mlango, ili kivaliwe kabla ya kushuka. Beba pia tochi mbili. Tochi ya simu isihesabiwe, kwa sababu chaji ya simu inahitajika kwa kuomba msaada.

Vifaa vya tairi

Kubadili tairi la lori lenye mzigo ni kazi iliyowahi kuwaua watu waliokuwa wameshaifanya mara nyingi. Kifaa cha kwanza katika kazi hiyo si jeki. Ni kabari za magurudumu. Zitengenezwe kwa mbao ngumu, chuma au mpira mzito, ziwekwe mbele na nyuma ya matairi yanayobaki chini, na zirudishwe garini kazi ikiisha. Kabari za mbao anaweza kuzichonga seremala yeyote kwa gharama ndogo, kwa hiyo hakuna sababu ya lori kutembea bila hizo.

Jeki iwe na uwezo unaozidi uzito wa ekseli utakayoiinua. Kumbukeni kwamba sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya udhibiti wa uzito wa magari inaruhusu uzito wa jumla usiozidi tani 56, na kwa ekseli moja yenye matairi manne tani 10. Jeki iliyotengenezwa kwa ajili ya gari dogo haina kazi hapo. Chini ya jeki uwekwe ubao mpana na mgumu, hasa mahali penye udongo laini au lami iliyolainika kwa jua. Na hata jeki ikiwa mpya, mtu asiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Jeki hunyanyua, kazi ya kushikilia ni ya stendi za chuma au magogo imara.

Spana ya magurudumu na bomba la kuiongezea urefu vijaribiwe kituoni, si porini. Dereva ajue kwamba spana yake inakaa barabara kwenye nati za lori lake na za trela lake pia, maana mara nyingine hutofautiana. Baada ya kubadili gurudumu, simama ukishakwenda kiasi cha kilomita 50 uzikaze nati tena.

Kuhusu tairi la akiba, tunawaomba wanunuzi wajifunze kusoma ubavu wa tairi. Penye herufi DOT, mwishoni huwa pana tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki ya kutengenezwa, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lililoandikwa 2319 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kung'aa dukani likiwa halijawahi kugusa barabara, na bado likawa limezeeka kwa kukaa kwenye jua na joto. Mwuzaji anayekataa kukuonyesha tarakimu hizo amekwishakujibu swali lako.

Msisahau geji ya kupimia upepo. Katika matairi pacha, tairi la ndani likiisha upepo halionekani kwa haraka, kwa sababu mwenzake hubeba mzigo wa wote wawili. Litaendelea kusuguana na kupata joto hadi liwake moto. Dakika tano za kupima upepo kila asubuhi zinaweza kuliokoa gari zima.

Moto

Hapa ndipo kifaa cha ukaguzi hudhihirika kuwa si kifaa cha safari. Mtungi mdogo wa kilo moja unafaa kwa gari dogo. Kwa lori, tunashauri kuwe na mtungi mkubwa wa unga, wa kilo 6 au 9, pamoja na mdogo ndani ya kabini. Mtungi mkubwa ufungwe mahali unapofikiwa na mtu aliye nje ya gari, kwa sababu kabini ikishika moto hakuna atakayerudi ndani kuutafuta.

Unaponunua, angalia mambo haya: mshale wa kipimo uwe kwenye kijani; pini na lakiri yake viwepo; mpira wake usiwe na nyufa; na tarehe ya kuhudumiwa iandikwe waziwazi. Kisha upelekwe kwa fundi anayetambulika angalau mara moja kwa mwaka, maana mtikisiko wa barabara huufanya unga ushikane chini ya mtungi.

Jueni pia kwamba hata mtungi wa kilo 9 humaliza unga wake katika muda usiofika nusu dakika. Kwa hiyo simama upepo ukiwa mgongoni mwako, chomoa pini, elekeza mpira kwenye kitako cha moto na si kwenye miali, ubonyeze huku ukiupeleka huku na huku. Ikiwa moto uko chini ya boneti, usilifungue lote kwa pupa, kwa kuwa hewa itakayoingia italisha moto. Na mtungi ukiisha kabla ya moto, ondoka. Bidhaa hulipwa na bima, utu haulipwi.

Madereva wa mafuta tunawaomba watusikilize kwa namna ya pekee. Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka eneo la Msamvu, Morogoro. Watu walikusanyika kuchota mafuta yaliyokuwa yakimwagika, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Hakuna mtungi unaobebwa na lori ambao ungeweza kuuzima moto ule. Katika ajali ya aina hiyo, vifaa vya maana ni vile vinavyowaweka watu mbali: utepe au kamba ya kuzungushia eneo, kipaza sauti kidogo cha mkononi, vizibao vinavyowatambulisha ninyi kuwa wahusika, na simu yenye chaji. Piga 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, au 112 kwa Polisi. Zima injini, usiwashe chochote, na waombe viongozi wa kijiji au mtaa wakusaidie kuwazuia watu. Kuwazuia kunaweza kukuletea matusi. Yavumilie.

Mzigo na vipuri vidogo

Mzigo usiofungwa vizuri ni hatari kwa aliye nyuma na hasara kwa aliyeulipia. Mikanda ya kufungia iwe na lebo inayoonyesha uzito inaoweza kuhimili. Mkanda usio na lebo, au ulioliwa pembeni, hesabuni kwamba haupo. Turubai likaguliwe kwa kuliangalia kutoka ndani dhidi ya jua: kila nukta ya mwanga ni tone la mvua juu ya mali ya mtu. Beba kamba za ziada, na baada ya kilomita za mwanzo simama ukaze tena, kwa kuwa mzigo hujipanga upya kwa mtikisiko.

Katika sanduku la vipuri ziwemo fyuzi za ukubwa tofauti, balbu za taa za mbele na za nyuma, mkanda wa feni unaolingana na injini yako, mpira mmoja wa ziada wa breki za upepo, utepe wa umeme, bisibisi, plaizi, nyundo na seti ya spana. Ongeza oili ya injini na maji ya rejeta. Rejeta iliyochemka isifunguliwe kabla haijapoa, na ngoma za breki zilizopata moto baada ya mteremko zisimwagiwe maji baridi, kwa sababu chuma hupasuka.

Vifaa vya binadamu

Yote tuliyoyataja yanaendeshwa na mtu, na mtu huyo huchoka, huona kiu na huugua. Wanaopita Tunduma wanajua kwamba foleni ya mpakani inaweza kula siku kadhaa. Beba maji ya kunywa katika dumu lake, lenye alama yake, lisilochanganywa kamwe na dumu la maji ya rejeta. Beba chakula kisichoharibika upesi, blanketi na chandarua. Mwenye kisukari, shinikizo la damu au maradhi mengine ya kudumu achukue dawa za kumtosha siku nyingi kuliko zile za ratiba, na amweleze utingo wake zilipo na zinavyotumiwa.

Kisanduku cha huduma ya kwanza kiwe na glavu, bandeji pana na nyembamba, pamba safi, plasta, mkasi na dawa ya kusafishia vidonda. Angalieni tarehe za mwisho za matumizi kama mnavyoziangalia kwenye maziwa.

Namna ya kununua

Vifaa vya usalama ni miongoni mwa bidhaa zinazoghushiwa, kwa sababu mnunuzi haigundui hila mpaka siku ya ajali. Tunawapeni kanuni nne za dukani.

Kwanza, tafuta alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, kwa bidhaa zinazopaswa kuwa nayo, na usome jina na anwani ya mtengenezaji. Maandishi yaliyofifia au yenye makosa ya tahajia ni dalili ya kughushi.

Pili, ijaribu bidhaa kabla ya kulipa. Pembetatu isimamishwe sakafuni na kumulikwa kwa tochi katika chumba chenye giza. Jeki ipandishwe na kushushwa, ikikaguliwa kama inavuja oili.

Tatu, dai risiti ya EFD, na jina la bidhaa liandikwe kamili. Neno "vifaa" katika risiti halitakusaidia utakapodai haki yako.

Nne, ukiuziwa kifaa kibovu, kirudishe mapema kwa mwuzaji pamoja na risiti. Akikataa kukusikiliza, au ukishuku kwamba bidhaa ni bandia, toa taarifa kwa Tume ya Ushindani, FCC, ambayo kazi zake ni pamoja na kumlinda mlaji na kupambana na bidhaa bandia. Kwa suala la ubora, TBS wapo. Usikitupe kifaa hicho. Ndicho ushahidi wako.

Ni nani anayelipa?

Tumeliacha swali hili mwisho kwa sababu ndilo zito. Madereva wengi hutueleza kwamba vifaa hivi hutarajiwa vitoke kwenye posho yao ya safari. Ni kawaida basi dereva kununua cha bei ya chini kuliko vyote, au kuazima mtungi wa mwenzake ili apite kwenye ukaguzi na kuurudisha akishapita. Tunawaambia wamiliki kwa heshima na bila kuficha: hapo ndipo kifaa cha ukaguzi kinapozaliwa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kulinda usalama wa mfanyakazi wake, na mahali pa kazi pa dereva ni ndani ya lori na kando ya barabara. Rahisi ni ghali. Bei ya pembetatu tatu na mtungi mmoja ni sehemu ndogo sana ya thamani ya trela, na haina mizani ya kulinganishwa na maisha ya mtu.

Tunapendekeza kila lori liwe na daftari la vifaa. Dereva anapopokea gari, yeye na mmiliki au msimamizi wahesabu kila kifaa, wakijaribu, waandike hali yake na kutia saini wote wawili. Kifaa kilichotumika au kuharibika kiandikwe na kibadilishwe kabla ya safari inayofuata. Daftari hilo humlinda dereva asidaiwe asichokipoteza, na humlinda mmiliki asinunue kitu kimoja mara tatu. Wenye mizigo nao wanayo nafasi yao: kabla ya kupakia, ombeni kuliona daftari. Mnayemlipa abebe mali yenu anapaswa kuwa na njia ya kuilinda.

Dereva anayeambiwa aondoke na lori lisilo salama ana haki ya kusema hapana, na akisema, aseme kwa maandishi. Tunajua kwamba neno hilo ni jepesi kulitamka hapa kuliko mbele ya mwajiri. Ndiyo sababu tumewaalika wamiliki waketi pamoja nanyi, walisikie kutoka kwetu.

Mkiondoka hapa, tunawaomba kila mmoja afanye jambo moja kabla ya safari yake ijayo. Toa vifaa vyote nje ya gari, uvipange chini, ukiulize kila kimoja: wewe, saa nane za usiku, mvua ikinyesha Kitonga, utanifaa? Kisichofaa kisirudi garini. Kinunuliwe kingine.

Tunawatakia safari njema, na tunawaombea mfike salama mwendako na mrudi salama kwa familia zenu.